Kuitunza Pikipiki Kuukuu ya Safari Nyumbani

Mtu akinunua pikipiki mpya, jirani zake humpa heko. Akinunua kuukuu, humpa pole. Nami nilipewa pole nyingi siku ile nilipoleta nyumbani Nakuru pikipiki ya Kijerumani, BMW R80 G/S, iliyotengenezwa mwaka 1982. Niliuziwa na mwalimu mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao baada ya kustaafu. Mzee mmoja mkulima, jirani yangu, aliizunguka mara mbili, akazitazama silinda zake mbili zilizotokeza kushoto na kulia kama masikio ya ndovu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii ni pikipiki au ni mashine ya kusaga mahindi?"

Tangu siku hiyo imenichukua hadi Baringo, Kitale, Nyahururu na Mombasa, nami karibu kazi zake zote nimezifanya mwenyewe nyuma ya nyumba, juu ya sakafu ya saruji isiyozidi hatua nne. Sikupata mafunzo ya ufundi. Mimi ni karani, na mshahara wa karani hauwezi kumlisha fundi kila mwezi. Tena mafundi wetu wengi, ambao ni hodari sana kwa pikipiki ndogo za bodaboda, hawajapata kuifungua injini ya namna hii, na mtu asiyeijua aweza kuiharibu kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo nimejifunza mambo mengine kwa kusoma kitabu cha matengenezo, na mengine kwa kukosea. Haya ya kukosea ndiyo niyakumbukayo zaidi.

Yafaa kwanza tuujue ukoo wa chombo chenyewe. Pikipiki ya kwanza ya BMW, iliyoitwa R32, ilitolewa mwaka 1923, na aliyeichora alikuwa mhandisi Max Friz. Ilikuwa na silinda mbili zilizolala chini, moja kila upande, zikipozwa na hewa, na nguvu za injini zilikwenda kwenye gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya mnyororo. Mpango huo haukubadilishwa kwa miaka mingi. R80 G/S ilitoka mwaka 1980 ikiwa na injini ya karibu sentimita za ujazo 800 na nguvu za farasi 50, na herufi zake mbili za mwisho zasimama badala ya maneno ya Kijerumani ya mahali pasipo barabara na ya barabarani. Mfaransa Hubert Auriol alishinda kwa pikipiki ya ukoo huu mashindano ya kutoka Paris hadi Dakar mwaka 1981 na tena mwaka 1983, na Mbelgiji Gaston Rahier akashinda mwaka 1984 na 1985. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza injini za ukoo huu zipozwazo na hewa mwaka 1996. Hata hivyo, vipuri vyake vingi vyapatikana hadi leo kwa kuagiza ng'ambo, ila mwagizaji sharti awe na subira, na ni afadhali aandike mahitaji ya mwaka mzima katika oda moja kuliko kulipia usafirishaji na ushuru mara tano.

Uzuri wa silinda kutokeza nje ni kwamba mtu aweza kukaa juu ya kigoda na kazi ikawa mbele ya kifua chake. Hakuna haja ya kuondoa tangi wala kiti ili kuzifikia valvu. Kazi ya valvu ndiyo kazi iliyo kuu kuliko zote katika injini hii, nami nitaieleza kwa urefu kidogo.

Kila silinda ina valvu mbili: ya nyuma, upande wa kabureta, huingiza hewa na petroli, ya mbele, upande wa bomba la moshi, hutoa moshi. Katikati ya ncha ya valvu na mkono uisukumao sharti pawe na nafasi ndogo sana. Injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha, nafasi hiyo iwe milimita 0.10 kwa valvu ya kuingizia na 0.20 kwa valvu ya kutolea. Hupimwa kwa vile vibati vyembamba ambavyo mafundi huviita fila. Fungua plagi zote mbili ili injini izunguke kwa wepesi, weka karai chini ya kifuniko cha silinda kwa kuwa mafuta kidogo yatamwagika, kisha uondoe kifuniko. Pikipiki ikiwa juu ya stendi ya katikati, tia gia ya juu na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole. Ubavuni kushoto mwa injini pana tundu dogo lenye kizibo cha mpira; ukichungulia humo kwa kurunzi utaona alama zikipita juu ya gurudumu zito la injini. Herufi OT zikisimama katikati ya tundu, pistoni zote mbili zimefika mwisho wa mwendo wake. Sasa itikise mikono ya valvu kwa vidole. Upande ambao mikono yote miwili inacheza ndio wa kupimwa. Ukiisha, zungusha injini mzunguko mmoja kamili hadi OT irudi, nawe uhamie upande wa pili.

Kabla ya kupima, nati zishikazo kichwa cha silinda zikazwe kwa spana yenye kipimo, nguvu ya nyutoni mita 35 hivi, kwa kuvukana kama mtu afungaye nati za gurudumu la motokaa. Mwenye kukaza kwa kukisia atakata uzi uliomo katika alumini, na hapo kazi ya saa moja huwa kazi ya mwezi mmoja.

Watu wengi huogopa valvu zipigazo kelele. Ukweli ni kinyume chake. Valvu yenye nafasi iliyozidi kidogo hulia tiki-tiki, mwenyewe akaudhika, wala hakuna madhara makubwa. Valvu iliyobana haina sauti. Haifungi sawasawa, moto hupenya ukingoni mwake, haipati kupoa, na siku moja ukingo huo huungua au kichwa chake hukatika na kuangukia pistoni. Injini kuukuu iliyonyamaza ghafula ni ya kutiliwa shaka.

Jambo hili lanipeleka kwenye habari ya risasi. Zamani petroli ilichanganywa na risasi, na risasi hiyo ilikuwa kama mto mwembamba kati ya valvu na kikalio chake. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha petroli ya risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na nchi ya mwisho ulimwenguni kuiacha, Algeria, ilifanya hivyo mwaka 2021. Hilo lilikuwa jema, maana risasi ni sumu, hasa kwa akili za watoto. Lakini baadhi ya injini za kale zilibaki bila mto wao, nazo pikipiki za BMW za miaka ya mwanzo ya 1980 zina sifa mbaya katika shauri hili, kwa kuwa vikalio vya valvu za kutolea moshi katika nyingi za miaka ile havikustahimili. Valvu huzama ndani ya kikalio kidogo kidogo, na nafasi hupungua.

Mimi niliokolewa na tabia ya kazi yangu. Karani huandika kila kitu, basi nilikuwa na daftari ambamo kila kipimo kiliandikwa pamoja na tarehe na kilomita. Mwaka wa pili niliona kwamba valvu ya kutolea ya kulia, niliyoiacha kwenye 0.20, imekuwa 0.15. Nikairekebisha. Baada ya kilomita 2,000 ikawa 0.15 tena, na mara ya tatu ikafika 0.10 kabla ya kilomita 2,000 kutimia. Zile nyingine tatu hazikusogea. Pikipiki ilikuwa ikienda vizuri kabisa, wala mtu aliyeipanda asingejua lolote. Nilifungua vichwa vyote viwili, nikavifunga kwa gazeti na gunia, nikapanda matatu hadi Nairobi nikiwa nimevipakata kama mtu apelekaye kuku sokoni. Karakana moja ilitia vikalio vipya vigumu na valvu mpya za kutolea. Fedha zilizotoka zilikuwa karibu mshahara wangu wa mwezi. Fundi alinionyesha valvu ile ya zamani: ukingo wake umekwisha kuwa mwembamba kama ukingo wa bati la sufuria. Daftari hilo ninalo bado, nalo limekwisha kunitosha kulipia daftari nyingi.

Sasa nije kwenye mafuta ya injini. Kuyabadilisha ni kazi rahisi, na kwa sababu ni rahisi watu huifanya wakizungumza na marafiki. Injini huchukua lita mbili na nusu hivi pamoja na kichujio, mafuta ya 20W-50 yafaa sana kwa hali ya hewa yetu, nayo yamwagwe yakiwa moto ili yachukue takataka zake. Hatari iko katika kichujio. Hukaa upande wa kulia mbele, ndani ya shimo lililofunikwa kwa kifuniko chenye boliti tatu. Pale mlangoni pana pete ya mpira yenye rangi nyeupe, na wakati mwingine pete nyembamba ya chuma pamoja nayo. Pete nyeupe hiyo sharti ibanwe barabara baina ya kifuniko na kopo lililomo ndani. Ikisahauliwa, au ile ya zamani ikirudishwa imelala kama chapati, mafuta yenye nguvu ya pampu hupita pembeni na kurudi chini bila kuzifikia beringi. Hakuna tone litakaloonekana sakafuni. Taa ya mafuta nayo haiwaki kila mara, kwa maana imewekwa iwake pale tu nguvu ya mafuta inapokuwa imekaribia kwisha.

Namjua bwana mmoja, mkulima wa maziwa, aliyekuwa na pikipiki kubwa kuliko yangu ya ukoo huu huu. Alimpa kijana wake kazi hii asubuhi ya Jumapili. Kijana aliitazama ile pete nyeupe, akadhani ni kipande cha plastiki cha kufungia bidhaa, akaitupa pamoja na boksi. Pikipiki ilikwenda wiki mbili. Sasa imesimama ghalani karibu na mashine ya kukatia majani, na kuku hulalia kiti chake. Bwana huyo hakumpiga kijana, maana asema yeye mwenyewe hakuijua ile pete ni ya nini. Tangu niliposikia habari hiyo, kabla sijafungua kifuniko huweka pete mpya juu ya kitambaa cheupe mezani, wala sizungumzi na mtu hadi iwe imeingia mahali pake.

Umeme wa pikipiki hizi una vituko vyake. Nitataja viwili tu. Cha kwanza: kifuniko cha mbele ya injini kisifunguliwe kamwe kabla ya waya wa betri, ule wa hasi, kuondolewa. Ndani yake mna ncha zenye umeme wa betri wakati wote hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, na kifuniko kikizigusa kinapotoka, cheche moja yatosha kuunguza kibao cha dayodi, ambacho bei yake haichekeshi.

Cha pili kilinipata Marigat. Nilikuwa nimekwenda Baringo kwa mazishi, na asubuhi ya kurudi betri ilikuwa imekufa. Nikasukumwa na vijana hadi duka moja, nikanunua betri mpya, nikaondoka. Nilipofika nyumbani jioni, nimewasha taa kwa saa moja tu, betri mpya nayo ilikuwa taabani. Nilishuku dinamo, nikashuku waya, nikaandika oda ya vipuri yenye kurasa mbili. Kabla sijaituma nikarudia kusoma kitabu, nikaona sentensi niliyoipita mara nyingi. Ile taa ndogo nyekundu ya dinamo iliyo mbele ya mpandaji si ya kutoa habari tu. Umeme mdogo upitao katika globu yake ndio uamshao dinamo ianze kazi. Globu ikiungua, dinamo hulala usingizi na haichaji. Nami nilikumbuka kwamba siku nyingi sijaiona taa ile ikiwaka nifunguapo ufunguo. Nilifurahi hata, nikidhani ni dalili ya afya! Globu mpya ilinigharimu fedha kidogo kuliko soda. Iwe globu ya kawaida ya waya, yenye wati zile zile, si hizi za kisasa za LED zitumiazo umeme kidogo mno, kwani hazipitishi umeme wa kutosha kwa kazi hiyo. Basi, kila ufunguapo ufunguo, itazame taa ile kabla ya kuwasha injini. Iwake; na injini ikishika kasi, izimike.

Kabureta zake ni mbili, za Bing, kila moja na silinda yake. Humo mna ngozi ya mpira ambayo hupasuka kwa uzee. Itoe, uinyooshe mbele ya dirisha, na ukiona mwanga kama tundu la sindano, weka mpya. Kebo zote mbili za petroli ziwe na ulegevu sawa, milimita moja hivi, ama sivyo silinda moja itavuta na mwenzake atategea. Mafundi wa zamani hupima silinda moja moja kwa kuchomoa waya wa plagi injini ikizunguka. Katika mashine hii, yenye kuwasha moto kwa elektroniki, usiache kamwe waya ukining'inia hewani. Ufungwe kwenye plagi ya akiba iliyogusana na chuma cha injini, ama utaunguza chombo cha kuwashia.

Nimeziacha breki hadi sasa, nadhani kwa sababu ya haya. Gurudumu la nyuma lina breki ya ngoma, la mbele lina breki ya sahani isukumwayo na mafuta ya breki. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa, hata yakiwa yamefungwa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakiisha kunywa maji, kiwango chake huweza kushuka hadi nyuzi 155. Breki ikipata moto sana, maji yale hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea kama mpira wa miguu wenye upepo mchache. Mkono wa breki huja hadi mwisho na hakuna kitu.

Haya yote niliyasoma baadaye. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimeangalia kwamba kikombe cha mafuta ya breki kimejaa, nikaridhika. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi, nami sikujiuliza kwa nini. Siku moja ya Desemba tulikuwa twatoka Nairobi, mke wangu nyuma na mizigo ubavuni, tukashuka Limuru kwenda Mai Mahiu kwa ile barabara ya bondeni. Wasomaji wengi waijua: kushoto pana bonde, kulia pana mlima, na malori hayakomi. Kwa ujinga wangu nilishuka kwa gia ya nne nikiwa nimeshika breki ya mbele muda wote. Katika kona moja mbele yetu palikuwa na lori la saruji linalotambaa, nikavuta breki, na mkono ukaja hadi kwenye mpini, laini kabisa.

Sina maneno mengi juu ya sekunde zile. Nilikanyaga breki ya nyuma, nikateremsha gia mbili kwa mpigo, injini ikanguruma, gurudumu la nyuma likaserereka, nasi tukapita kati ya lori na ukuta wa mawe hata tukasimama chini kidogo, si mbali na lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kitaliano mwaka 1942. Mke wangu alishuka, akaketi juu ya jiwe, akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Baba Neema, pale tulikuwa tunasimama au tulikuwa tunaombewa?" Baada ya dakika ishirini mkono wa breki ulikuwa mgumu tena kama kwamba hapakutokea neno. Hiyo ndiyo hila ya ugonjwa huu: ukipoa, hauonekani. Yeye alikataa kupanda, akaenda Nakuru kwa matatu, nami nikamfuata nyuma kwa gia ya pili.

Kuyabadilisha mafuta hayo ni kazi ya nusu saa. Funga mrija wa plastiki kwenye skrubu ya kutolea hewa, mwisho wake uzame katika chupa yenye mafuta safi kidogo. Mtu mmoja avute mkono wa breki na kuushikilia. Mwingine afungue skrubu, mafuta yatoke, aifunge. Ndipo wa kwanza auachie mkono, wala si kabla. Rudia hadi yatoke meupe bila mapovu, nawe ukijaza kikombe juu kisikauke. Funika tangi kwa kitambaa, maana mafuta haya hula rangi. Nilifanya hivyo siku iliyofuata, nami nafanya kila baada ya miaka miwili. Mshika mkono wa breki ni mke wangu. Hakuna mwingine ambaye angekubali afanye kazi hiyo badala yake.

Mipira ya tairi nayo ina uzee usioonekana. Ubavuni mwake mna tarakimu nne: 2319, kwa mfano, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pikipiki iliyolala bandani miaka minane yaweza kuwa na tairi zenye meno mazuri na mpira mgumu kama kwato.

Kazi moja bado naiahirisha. Shafti iingiayo katika klachi ina meno ambayo sharti yapakwe grisi kila baada ya miaka michache, na kuyafikia lazima giaboksi ifunguliwe na kusukumwa nyuma. Yakikauka hulika hadi yawe makali kama meno ya msumeno, na dalili yake ni gia kuwa nzito kuingia. Yangu imeanza kuwa nzito. Grisi nimekwisha nunua, na Jumamosi hii sina safari. Yule mzee jirani ameahidi kuja kunishikia kurunzi. Asema anataka kuiona hiyo mashine ya kusaga ikiwa imefunguliwa tumbo.